Kwa nini swali la fedha Bungeni linauma, na swali la maambukizi hospitalini halimuumi mtu?

Mtunza Daftari (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Bandiko hili ni refu kidogo, mnivumilie.

Kipindi cha maswali na majibu kwenye Bunge letu la Tanzania nimekifuatilia miaka mingi. Matangazo mubashara ya Bunge yalipopunguzwa mwaka 2016 nikahamia kwenye Taarifa Rasmi, zile Hansard, nasoma usiku watoto wakishalala. Ukisoma nyingi unaanza kuona mshono. Mbunge anasimama: "Je, Serikali ina mpango gani wa...?" Naibu Waziri naye anasimama, kwa niaba ya Waziri, anajibu "kama ifuatavyo", na kinachofuata ni mpango. Umeuliza mpango, umepewa mpango. Utatekelezwa fedha zitakapopatikana. Maswali mawili ya nyongeza, swali linalofuata, imekwisha hiyo.

Sikuwahi kukasirika na utaratibu huu mpaka ulipogusa nyumbani kwangu.

Mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya wilaya, jina naliacha. Mtoto mzima, mama mzima, siku ya tatu wakaruhusiwa. Siku ya saba akaanza kutetemeka usiku. Nilipofunua bandeji niliona mshono umevimba, umekuwa mwekundu mpaka karibu na kitovu, na pembeni unatoa maji ya njano yenye harufu ambayo mpaka leo nikiisikia popote nasimama. Tukarudi. Akalazwa siku 23. Mshono ukafumuliwa, kidonda kikawa kinasafishwa kila asubuhi na kuachwa wazi, na mtoto akawa ananyonyeshwa na mama akiwa amelala ubavu maana kukaa hawezi.

Bomba la wodi ile lilikuwa halitoi maji. Palikuwa na ndoo ya koki, na ndoo inajazwa na ndugu wa wagonjwa. Siku ambayo hakuna ndugu aliyejaza, inakaa tupu. Glavu tulinunua dukani ng'ambo ya barabara. Wauguzi sitawalaumu hata kwa neno moja, niliwaona wawili wakizunguka vitanda ambavyo sikuweza kuvihesabu nikamaliza, maana vingine vilikuwa na wagonjwa wawili.

Alipotoka niliomba kuona faili. Limeandikwa amelazwa kwa kidonda cha upasuaji kilichopata usaha, akatibiwa, akapona, akaruhusiwa. Hakuna mstari unaosema maambukizi haya ameyapata wapi. Nikauliza kwa upole: hapa kwenu mwaka huu akina mama wangapi waliofanyiwa upasuaji wamerudi na mshono umeoza? Aliyenijibu alikuwa mkweli: "Kaka, hiyo namba hatuna."

Sasa niliporudi kwenye zile Hansard nikaelewa kitu. Angalieni ni lini mawaziri wamewahi kutikisika nchi hii. Februari 2008, sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, Kamati Teule ya Dk. Harrison Mwakyembe inasoma ripoti, Waziri Mkuu Edward Lowassa anajiuzulu. Aprili 2012, ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, iko mezani, mbunge Zitto Kabwe anakusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, na mwanzoni mwa Mei Rais Kikwete anawaacha mawaziri 6. Novemba 2014, sakata la fedha zilizochotwa akaunti ya Tegeta Escrow, ripoti ya PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Kote huko mbunge alisimama na karatasi ambayo mtu mwingine, mwenye mamlaka ya kisheria, alikuwa ameshaihesabu. Waziri hawezi kujibu karatasi hiyo kwa mpango. Anatakiwa kujibu fedha ilikwenda wapi.

CAG yupo kwa ibara ya 143 ya Katiba. Mwaka wa fedha unakwisha 30 Juni, na kufikia mwisho wa Machi ripoti inatakiwa iwe mikononi mwa Rais, kisha inawekwa mezani Bungeni. Mtu akitaka asitake, hesabu inafanyika.

Kwenye maambukizi ya hospitalini nani anahesabu, na kwa sheria ipi analazimika kuiweka namba mezani? Mbunge anayesimama kuuliza habari hiyo amesimama mikono mitupu. Atauliza mpango gani, ataambiwa mpango. Hii ndiyo hoja yangu yote, mengine ni ushahidi.

Ushahidi wenyewe nautoa Uingereza, na sitaki mtu aseme nawasifia wazungu, maana walifika hapo baada ya kuzika watu wengi. Kamati yao ya Hesabu za Serikali ipo tangu 1861, na mwenyekiti wake hutoka upinzani. Februari 2000 ofisi yao ya ukaguzi wa taifa, watu wa hesabu kabisa, si madaktari, walitoa ripoti kuhusu maambukizi yanayopatikana hospitalini Uingereza. Wakakadiria angalau maambukizi 100,000 kwa mwaka, vifo kama 5,000, na gharama ya pauni bilioni 1 hivi. Mkaguzi wa fedha aliingia wodini kwa sababu kitanda kinachokaliwa siku 23 badala ya 3 ni fedha ya umma. Mimi nilishangaa kwamba sikuwahi kuliwaza jambo hili hivyo.

Baada ya hapo, kuanzia Aprili 2001, kila hospitali ya umma ikalazimika kutoa taarifa ya kila mgonjwa aliyepata bakteria sugu wa MRSA kwenye damu. Namba zikaanza kuchapishwa. Mwaka 2003/04 wagonjwa 7,700. Sasa mbunge ana karatasi. Novemba 2004 waziri wa afya John Reid akabanwa mpaka akatoa ahadi yenye tarehe: idadi ipungue kwa nusu ifikapo 2008. Mwaka 2008/09 walikuwa chini ya 3,000.

Nawaomba michango, hasa walioko hospitalini na halmashauri. Tukubaliane swali la kumpelekea mbunge.

Nesi wa Zamu

Mleta mada, pole sana kwa mdogo wako, na ahsante kwa kutotulaumu. Nipo wodi ya wazazi mwaka wa 11 sasa.

Nikueleze kwa nini namba haipo, maana si uzembe peke yake. Maambukizi ya mshono yanahesabiwa hadi siku 30 baada ya upasuaji. Sisi mama tunamruhusu siku ya tatu, kitanda kinatakiwa. Usaha unaanza siku ya tano mpaka ya kumi, yuko kijijini. Anakwenda zahanati ya karibu, anasafishwa, anapewa dawa. Zahanati wanaandika "kidonda". Hospitali iliyompasua haijui kabisa kwamba amepata shida, kwenye vitabu vyetu yeye ni mzima aliyeruhusiwa. Wa kwako alirudi palepale, ndiyo maana mlionana uso kwa uso.

Pili, kumjua mdudu ni nani unatakiwa kuotesha vimelea maabara. Hospitali nyingi za wilaya hazina uwezo huo. Tunatibu kwa kukisia, tunaanza na dawa hii, ikishindwa tunapanda juu. Ndiyo usugu wa dawa unazaliwa hapo.

Lakini msidhani nchini hakuna anayehesabu. Watafiti wakiamua, wanahesabu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanyika hospitali ya Bugando, Mwanza, wagonjwa 250 wa upasuaji wakafuatiliwa, 26 kwa kila 100 wakapata maambukizi ya mshono. Ninawaheshimu mno waliokubali namba hiyo itoke hadharani. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2022 lilisema kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 hupata angalau ambukizo moja hospitalini. Nchi tajiri ni 7. Kwa hiyo hata kwao halijaisha.

Na kuhesabu ndiko kulikoanzisha elimu hii yote. Daktari Semmelweis, pale Vienna mwaka 1847, alianza kwa kulinganisha vitabu vya wodi mbili za wazazi: ile ya madaktari waliokuwa wakitoka kupasua maiti, na ile ya wakunga. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Vifo kwenye wodi ya madaktari vikashuka kutoka akina mama 18 kwa 100 mwezi Aprili hadi 2 hivi mwezi Juni. Alichokuwa nacho ni kitabu cha wodi na ndoo ya maji ya klorini. Klorini ninayo. Kitabu cha namna ile ndicho sina.

Asiyeamini Tena

Nasoma kwa heshima lakini nina neno zito. Mnaongea kana kwamba namba ikiwepo basi kazi imekwisha. CAG Profesa Mussa Assad alikuwa na namba. Ripoti yake ya 2016/17 ndiyo iliyozaa mjadala wa shilingi trilioni 1.5 ambazo matumizi yake hayakuonekana, Aprili 2018. Nini kilifuata? Januari 2019 aliitwa na Spika Ndugai ajieleze kwa kusema Bunge lina udhaifu. Aprili 2019 Bunge, hilihili linalotakiwa kuitumia kazi yake, likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba akaondolewa. Mahakama Kuu ilikuja kusema kuondolewa kwake kulivunja Katiba, lakini hiyo ni Desemba 2022, miaka 3 imepita.

Kuhesabu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mbunge ambaye hamwogopi aliyempitisha kugombea.

Mtunza Daftari

Mkuu, sikupingi. Ila hebu ligeuze: kwa nini namba ya Assad ilihitaji azimio la Bunge zima kuizima? Kwa sababu ilikuwepo, ilishawekwa mezani, na wananchi walishaisoma. Namba ya mdogo wangu haihitaji kuzimwa na yeyote.

Mzee wa Kizimba

Wanangu, mimi ni mkulima na mfanyabiashara wa mazao, nimestaafu ualimu. Mnazungumza hospitali, mimi naomba tuunganishe na ushuru, maana ndoo ile tupu na ushuru wangu ni ndugu.

Nimelipa kodi ya maendeleo, sisi tuliita kodi ya kichwa, nikiwa kijana. Mgambo walikuwa wanaingia kwenye nyumba za nyasi alfajiri. Ilifutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingine mwingi wa kero. Na haikufutwa kwa huruma tu. Ilihesabika kwamba kuikusanya kunakula sehemu kubwa ya kinachokusanywa, na wabunge walikuwa wanarudi na malalamiko hayohayo kila Bunge. Ushuru wa mazao nao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na mwenye mzigo usiozidi tani moja akaachwa apite. Mbunge alikuwa na hesabu ya gunia: linauzwa kiasi gani, geti hili linachukua kiasi gani, la mbele kiasi gani. Hesabu ya gunia mkulima yeyote anaijua, haihitaji CAG.

Kinachoniuma ni upande wa pili wa risiti. Nikilipa getini nasimama nasubiri karatasi itoke kwenye mashine, naiangalia tarehe, naiweka kwenye kofia. Naijua ilipoanzia. Ilipoishia siijui. Naambiwa mapato ya ndani ya halmashauri. Mapato ya ndani yalinunua glavu ngapi?

Mhasibu wa Idara

Mzee wangu shikamoo. Nafanya kazi halmashauri, sitasema ipi. Ninachoweza kusema ni kile kilicho wazi kwenye ripoti za CAG za serikali za mitaa, mwaka baada ya mwaka: fedha zilizokusanywa kwa mashine na hazikufika benki. Mashine inatoa risiti, kumbukumbu inabaki kwenye mfumo, mkusanyaji anatakiwa kupeleka fedha benki, na hapo katikati ndipo inapopotelea. Risiti yako ya kwenye kofia ni halali kabisa, mzee, na bado fedha yako inaweza isiwe imefika popote.

Hapo utaona hoja ya mleta mada inasimama. Tunajua fedha ngapi haikufika benki KWA SABABU mashine inahesabu. Zamani za vitabu vya risiti tulikuwa tunabishana. LAAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, wanapomwita mkurugenzi wa halmashauri Dodoma, wanamwekea orodha ya mashine na kiasi. Nimeona mkurugenzi akitoka jasho kwenye kiyoyozi.

Ila kuna pengo. Ripoti inawekwa mezani Aprili, bajeti inajadiliwa palepale Aprili hadi Juni, lakini taarifa za PAC na LAAC kuhusu ripoti hiyo mara nyingi zinajadiliwa Novemba. Tunapitisha fedha mpya kabla hatujamaliza kuulizana kuhusu za zamani. Mkurugenzi aliyekuwepo ameshahamishwa. Aliyepo anasema "mimi nimeripoti juzi".

Kuhusu glavu: tangu 2017/18 kuna fedha za afya zinazokwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Wengi hawajui kwamba wanaweza kuuliza hapo kabla hata ya kumfikia diwani.

Mpangaji Daima

Na kodi ya majengo msisahau. Halmashauri zilikuwa zinakusanya, 2016 ikapelekwa TRA, Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Elfu moja kwa mwezi nyumba ya kawaida, kuanzia Julai 2023 elfu moja mia tano. Mimi ni mpangaji, nyumba si yangu, nikinunua umeme inakatwa kwangu. Tunaambiwa tuelewane na mwenye nyumba. Nani kati yetu mwenye nguvu ya kumwambia mwenye nyumba anirudishie?

Mbunge wangu aliuliza "mpango gani". Sasa ndiyo naelewa alipokosea. Angeuliza: kati ya mita zinazokatwa, ngapi zinatumiwa na wapangaji? Hapo Waziri angelazimika ama kutoa namba ama kukiri mbele ya nchi kwamba hajawahi kuitafuta. Yote mawili yananisaidia.

Nesi wa Zamu

Nataka kumrudia mleta mada kwenye Uingereza, kuna upande hakuusema. Namba nayo inaweza kuua. Walipoweka lengo la MRSA, mameneja wakakimbizana nalo, pamoja na malengo ya foleni na bajeti. Wakati huohuo, kwenye hospitali za Maidstone na Tunbridge Wells, mdudu mwingine wa kuharisha, C. difficile, alikuwa anatembea kitanda kwa kitanda. Ripoti ya uchunguzi ilitoka Oktoba 2007: kati ya 2004 na 2006 wagonjwa wapatao 90 walikufa, kwa hakika au yumkini, kwa sababu yake. Wauguzi walikuwa wachache mno mpaka wagonjwa wakaambiwa wajisaidie kitandani. Mkurugenzi mtendaji aliondoka siku chache kabla ya ripoti.

Nimewahi kufanya zamu ambayo nilitamani kumwambia mgonjwa hivyohivyo. Sikusema, lakini nilichelewa kumfikia, na kwake ilikuwa ni kitu kilekile.

Kwa hiyo mkiandika swali, msiombe namba moja. Ombeni idadi ya waliopata maambukizi PAMOJA na idadi ya wauguzi kwa zamu, na siku ambazo bomba halikutoa maji. Namba ya maambukizi ikisimama peke yake, atakayeadhibiwa ni nesi, na mwezi unaofuata faili litaandikwa "kidonda" tena ili namba ishuke. Nawaambia kama mtu wa ndani, hivyo ndivyo itakavyokuwa.

Mtunza Daftari

Nesi, umenifundisha. Nimerekebisha rasimu, naiweka hapa kama ninavyotaka kuipeleka kwa mbunge. Katiba, ibara ya 63, inampa nguvu ya kumwuliza Waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma lililo ndani ya wajibu wake, kwa hiyo hakuna cha kusema si mahali pake:

"Katika hospitali za wilaya za mkoa wetu, akina mama wangapi walifanyiwa upasuaji wa kujifungua mwaka wa fedha uliopita, wangapi kati yao walitibiwa maambukizi ya mshono ndani ya siku 30, katika kituo chochote, wodi za wazazi zilikosa maji ya bomba siku ngapi, na zamu ya usiku ilikuwa na wauguzi wangapi kwa vitanda vingapi?"

La nyongeza la kwanza, kama jibu litakuwa "takwimu hazipo": ni lini, tarehe, zitaanza kukusanywa, na zitawekwa mezani na nani?

La nyongeza la pili: je, Serikali iko tayari CAG afanye ukaguzi wa ufanisi kuhusu gharama ya siku za ziada wagonjwa wanazolala kwa maambukizi waliyoyapata humohumo?

Asiyeamini Tena

Hilo la pili limenigusa. Ila usiliulize hivyo, "iko tayari" ni mlango wa kujibu "ndiyo" na kukaa chini. PAC wenyewe ndio waliombe kwa CAG, sheria ya ukaguzi ya 2008 inaruhusu ukaguzi wa ufanisi na ukaguzi maalumu. Swali la Bungeni libaki na tarehe tu. Na mpelekee mbunge zaidi ya mmoja, mmoja wa Viti Maalum awemo, hawa hospitali za wazazi wanazijua kwa miguu.

Saini yangu ipo.

Mzee wa Kizimba

Niongezeeni jina la kata yangu. Na kwenye kamati ya kituo chetu nitaingia mwenyewe, nafasi ya mjumbe iko wazi tangu mwaka jana na hakuna aliyekuwa anaitaka.

Nesi wa Zamu

Nimetoka zamu sasa hivi. Kabla ya kukabidhi nilichukua kaunta buku nikapiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza namba ya faili, bila jina. Ya pili tarehe ya upasuaji. Ya tatu simu ya mama au ya jirani mwenye simu. Ya nne siku ya kumi: homa, uvimbe, usaha, hapana. Ya tano siku ya 30. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, maji yalikuwepo au hayakuwepo.

Matron ameliangalia muda mrefu, akauliza nani ameagiza. Nimemwambia hakuna. Akachukua kalamu, akaongeza safu moja: "wauguzi zamu hiyo". Ukurasa wa kwanza una akina mama wanne wa leo. Simu ya kwanza nampigia Jumanne ijayo.